Kuirudia Riwaya Uliyoipenda Ujanani

Wengi wetu tuliosoma sekondari Tanzania na Kenya tulikutana na riwaya tuliyoipenda kuliko zote tukiwa darasani, kalamu mkononi, mtihani mbele yetu. Rosa Mistika, Siku Njema, Utengano, Vuta N'kuvute, Kusadikika: vitabu hivi tulivisoma huku tukiulizwa dhamira ni zipi, wahusika wana sifa gani, jina la kitabu linasadifu vipi yaliyomo. Tulivipenda hata hivyo. Wapo waliovisoma kwa tochi bwenini baada ya taa kuzimwa, wakavimaliza kabla mwalimu hajafika sura ya tatu. Lakini kinachobaki kichwani miaka ishirini baadaye mara nyingi ni vitu viwili vilivyochanganyika: mapenzi ya kweli ya ujanani, na majibu ya mtihani.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kukifungua tena kitabu kile. Utakusaidia kukipata, kujiandaa, kukisoma bila kukiharakisha, na kujua la kufanya kikikuvunja moyo. Naamini kwamba sehemu kubwa ya riwaya uliyoipenda ukiwa na miaka kumi na saba hukuiona, kwa sababu iliandikwa na mtu mzima akizungumza na watu wazima, nawe ulikuwa bado hujafika huko.

Kwa nini urudie

Tuanze na Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi aliichapisha mwaka 1971, na kwa muda ilizuiwa isisomwe shuleni Tanzania kabla ya kuruhusiwa na kuwa miongoni mwa riwaya zinazofundishwa sana. Ukiisoma ukiwa kidato cha tatu, kitabu hiki ni cha Rosa. Unamwona kwao Namagondo, kijiji cha Ukerewe. Unaona baba yake Zakaria anavyomwadhibu kwa sababu ya barua ya kijana aitwaye Charles. Unamfuata shule ya wasichana, halafu chuo cha ualimu Morogoro, na hapo ndipo darasa zima hukaza macho. Kwenye daftari la fasihi unaandika: malezi mabaya, ulevi, nafasi ya mwanamke katika jamii. Unapata alama zako.

Sasa una mtoto wa umri wa Rosa. Unaifungua riwaya ile ile, na kabla Rosa hajaondoka nyumbani umekwisha kwama kwa Zakaria. Unamchukia kama zamani, lakini safari hii unamsikiliza, kwa sababu ile hofu ya mzazi kwamba binti ataharibika unaijua. Umewahi kuisikia ikikupanda kifuani, saa tatu usiku, mtoto hajarudi. Unaona jinsi hofu hiyo inavyogeuka kipigo, na kipigo kinavyozaa jambo lile lile lililoogopwa. Na Regina, mama ambaye kwenye daftari ulimmaliza kwa maneno mawili, mvumilivu na mchapakazi, anakuwa mtu. Unajiuliza alikuwa anawaza nini usiku. Unajiuliza angeweza kufanya nini hasa, katika kijiji kile, na mume yule, na watoto wote wale. Kitabu hakijabadilika hata nukta. Wewe ndiye uliyehama kutoka upande wa mtoto kwenda upande wa mzazi, na huko nako mwandishi alikuwa amekwisha kukuandalia ya kusoma.

Kuna na jambo la mwandishi mwenyewe. Kezilahabi alizaliwa Namagondo hiyo hiyo, mwaka 1944. Riwaya ilipotoka alikuwa hajafikisha miaka thelathini. Ulipokuwa mwanafunzi yeye alikuwa jina kwenye jalada, mtu mkubwa asiyefikika. Leo huenda umemzidi umri aliokuwa nao alipoiandika. Ukilijua hilo unaona wazi ujasiri wa kijana aliyeandika mambo ambayo wakubwa hawakutaka yaandikwe, na unaona pia pale alipofanya haraka.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Mwanasaikolojia wa Uingereza Frederic Bartlett, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alieleza jinsi alivyowapa wasomaji wake hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda mfupi na baada ya muda mrefu. Hadithi ilifupika. Mambo yaliyokuwa mageni kwao yalidondoka au yakageuzwa yafanane na ya kwao. Mitumbwi, kwa mfano, iligeuka mashua. Hawakuwa wanadanganya. Ndivyo kichwa cha binadamu kinavyohifadhi hadithi: kinaijenga upya kila kinapoikumbuka. Riwaya unayoipenda, kwa hiyo, imekuwa ikihaririwa nawe mwenyewe miaka yote hii, na njia pekee ya kujua umeondoa nini ni kurudi kwenye kurasa.

Ya tatu ni fupi. Mara ya kwanza unakimbilia mwisho. Ukishaujua mwisho, unapata nafasi ya kuona kazi inavyofanyika. Jaribu hili kwenye riwaya za upelelezi, ambazo watu hudhani hazina maana ukishamjua mkosaji. Chukua Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960. Mara ya kwanza unamkimbiza mpelelezi Bwana Msa na kiko chake ukitaka jibu. Mara ya pili unalo jibu, na unaanza kuona mwandishi alikuficha vipi ukweli mbele ya macho yako, katika mazungumzo uliyoyapita ukidhani ni porojo.

Kabla ya kufungua

Hatua ya 1: Chagua kitabu kimoja. Kimoja tu, si orodha. Kigezo ninachokipendekeza ni hiki: kitabu ambacho unakumbuka tukio moja lake waziwazi, lakini hukumbuki jinsi lilivyofikiwa. Hicho kitakulipa. Kile unachokikumbuka mwanzo hadi mwisho, pengine kwa sababu umewahi kukifundisha, kiache kwanza.

Hatua ya 2: Andika unachokikumbuka. Usiiruke hatua hii, maana haiwezi kufanywa baadaye. Ukishasoma hata ukurasa mmoja, kumbukumbu ya zamani inaanza kufunikwa na mpya, na hutaweza tena kuzitenganisha. Chukua karatasi, kaa dakika ishirini, jibu haya bila kumuuliza mtu na bila kutafuta chochote mtandaoni:

1. Kitabu kinaanzaje? Kinaishaje?
2. Ni tukio gani moja unaliona kama picha?
3. Nani ulimpenda? Nani ulimchukia? Kwa sababu gani?
4. Ni mhusika gani unajua yupo, lakini jina lake limekutoka?
5. Uliwahi kulia, kukasirika au kuona haya ukikisoma? Wapi?
6. Ulipokuwa unakisoma, nyumbani kwenu kulikuwa na nini?

Swali la sita huonekana la pembeni, kumbe ndilo linaloeleza mengi. Aliyeisoma Siku Njema ya Ken Walibora mwaka aliofiwa na mama yake aliisoma riwaya nyingine kabisa na mwenzake wa dawati moja, kwa sababu Kongowea anapompoteza mama yake, mwimbaji wa taarabu wa Tanga, mmoja alikuwa anasoma hadithi na mwingine alikuwa anasoma habari za nyumbani kwao. Andika kwa ukweli. Karatasi hii hataisoma mtu mwingine usipotaka.

Ukimaliza, ikunje uiweke mbali. Usiirudie mpaka umalize kitabu.

Hatua ya 3: Tafuta riwaya yenyewe. Hapa watu wengi hukosea, na si kwa uzembe. Kwa kila riwaya iliyowahi kutahiniwa kuna miongozo ya wanafunzi, na baadhi yake ina majalada yanayofanana na ya kitabu chenyewe, jina la riwaya kwa herufi kubwa, neno "mwongozo" kwa herufi ndogo pembeni. Unafika nyumbani unakuta muhtasari wa kila sura na orodha ya tamathali za usemi. Angalia jina la mwandishi kabla hujalipa. Kama si jina unalolijua, rudisha rafuni.

Pa kutafuta: maktaba za umma kwanza. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam na maktaba za mikoa, na kwa Kenya matawi ya maktaba ya taifa kwenye kaunti. Pili, wauza vitabu vilivyotumika, wale wanaovipanga chini kando ya barabara katikati ya miji. Nairobi na Dar es Salaam hawakosekani. Tatu, na hii mimi naipenda kuliko zote, kwa jamaa. Uliza kwenye kundi la ukoo au la wanafunzi wenzako wa zamani. Mara nyingi kuna dada au binamu mwenye nakala ile ile iliyopita mikono mitano, ina majina ya watoto wote wa nyumba kwenye ukurasa wa kwanza.

*KISANDUKU: KAGUA NAKALA KABLA YA KUNUNUA*

- Jina la mwandishi wa riwaya liko kwenye jalada na ukurasa wa ndani.
- Kurasa zinafuatana. Pitisha kidole kwenye namba, hasa katikati ya kitabu. Nakala za wizi huruka kurasa au kuzirudia.
- Maandishi hayajafifia upande mmoja.
- Ukurasa wa mwisho upo. Kwenye nakala zilizotumika ndio unaong'oka kwanza.
- Haijaandikwa kuwa imefupishwa au imerahisishwa. Kama imeandikwa hivyo, si kitabu ulichokisoma.
- Kama ni nakala ya simu au kompyuta, hakikisha imetoka kwa mchapishaji au maktaba. Picha za kurasa zinazosambazwa kwenye makundi hukosa sura nzima, na mwandishi au familia yake haipati chochote.

Hatua ya 4: Tengeneza macho na mwanga. Hili linaonekana dogo, lakini nawajua watu walioacha kurudia kitabu wakisema kimewachosha, kumbe hawaoni vizuri. Kuanzia miaka ya arobaini hivi, jicho huanza kupoteza uwezo wa kuona karibu. Ni kawaida kabisa, hupata karibu kila mtu. Vitabu vyetu vingi vya zamani vimechapishwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi iliyokwisha geuka rangi. Ukijikuta unakisogeza kitabu mbali ili usome, au kichwa kinauma baada ya kurasa tano, nenda ukapimwe macho upate miwani ya kusomea. Kaa mahali ambapo mwanga unatoka nyuma ya bega lako. Simu iwe chumba kingine.

Kuhusu muda, usijiwekee makubwa. Riwaya ya kurasa 200, kwa kurasa 15 kwa siku, inakwisha kwa wiki mbili. Chagua saa ambayo nyumba imetulia na uishike hiyo hiyo.

Wakati wa kusoma

Hatua ya 5: Sura mbili za kwanza, hakuna kalamu. Shule ilitufundisha kusoma kama watu wanaotafuta kitu kilichopotea: tashibihi hii hapa, methali ile pale, piga mstari. Tabia hiyo haiondoki yenyewe. Utashangaa mkono unavyotafuta kalamu ukikuta msemo mzuri. Iache. Soma sura mbili za mwanzo kama unavyosikiliza mgeni aliyetoka safari, bila kumkatiza. Kuandika kutakuja.

Hatua ya 6: Mfuate mhusika uliyempita. Kuanzia sura ya tatu chagua mtu mmoja ambaye ujanani hukumjali, na umfuate yeye. Kila anapotokea jiulize: anataka nini? Amekuja kufanya nini hapa? Asingekuwepo ingekuwaje?

Nitatoa mfano wa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Wengi tunaikumbuka kama hadithi ya mapenzi: Yasmin, binti mdogo wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza, na Denge, kijana anayesakwa na polisi wa mkoloni Zanzibar. Ni hadithi ya mapenzi kweli, tena nzuri. Lakini irudie ukimtazama Mwajuma. Ndiye anayempokea Yasmin pale ndugu zake wenyewe wanapomkataa. Hana mali, hana cheo, hatoi hotuba za siasa. Ujanani nilimwona kama rafiki wa mhusika mkuu, mtu wa kuchangamsha mazungumzo. Sasa naona kwamba bila chumba chake hakuna riwaya. Denge anazungumza habari za watu kuwa sawa. Mwajuma anamkaribisha mtoto wa jamii nyingine alale kwake, siku hiyo hiyo, bila kuuliza mara mbili. Mwandishi hakusema mahali popote kwamba huyu ndiye mfano wa yale Denge anayoyapigania. Ameviweka viwili hivyo karibu karibu, akatuachia tuone. Ukiwa na miaka kumi na nane hujawahi kuhitaji mtu akupe mahali pa kulala. Ukishawahi kuhitaji, unamwona Mwajuma kutoka mlangoni.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed nayo inafaa sana kwa hatua hii. Isome ukiwaangalia wanawake wa nyumba ya kina Maimuna mmoja mmoja, si Maimuna peke yake.

Hatua ya 7: Uliza nani anasimulia, na kwa ajili ya nani. Shuleni tuliandika "nafsi ya kwanza" au "nafsi ya tatu" tukaendelea na swali linalofuata. Sasa kaa hapo. Katika Siku Njema, Kongowea anatusimulia mwenyewe. Maana yake kila tunachojua kuhusu waliomtesa na waliomsaidia kimepita kinywani mwake, akiwa ameshajua safari iliishaje. Ni mambo gani anayaeleza kwa kirefu? Ni watu gani anawapitia haraka? Baba anayemtafuta, je, angeisimulia hadithi hii kwa namna ile ile?

Au chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Mtoto anakumbuka nchi inayoelea angani na safari za wajumbe sita, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Ni safari tamu na zinakaa kichwani. Mtu mzima akirudi anashtuka kuona kwamba safari zote hizo zinasimuliwa mahakamani. Karama ameshtakiwa kwa sababu ya kufundisha habari za sheria, na hadithi za wajumbe ndizo utetezi wake. Kila moja ni ushahidi wa jinsi nchi ilivyowatendea watu wake wema. Anasimulia ili asife. Kumbuka pia kitabu kilitoka Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, miaka kumi kabla ya uhuru, na kimeandikwa na mtu aliyekuwa mtumishi wa serikali ile ile. Ukisoma kwa kuyajua hayo, utulivu wa sauti ya Karama unakuwa na uzito mwingine.

Hatua ya 8: Soma kwa sauti angalau ukurasa mmoja kila siku. Shaaban Robert anataka sauti. Sentensi zake ndefu zimepimwa kama mtu anayepumua. Shafi na Said Ahmed Mohamed wanataka sauti kwa sababu ya mazungumzo, ambayo kwa macho peke yake hupoteza nusu ya utani na nusu ya uchungu wake. Ukikuta neno la Unguja au Pemba usilolijua, sasa una nafasi ya kulitafuta kwenye kamusi. Ujanani tulikuwa tunakisia na kusonga mbele.

*KISANDUKU: TAHADHARI*

Riwaya nyingi tulizozipenda zina mambo mazito: kupigwa, kubakwa, mimba zinazotolewa, watu kujiua. Rosa Mistika inayo mengi ya hayo. Huenda ujanani uliyasoma kama habari za watu wengine, na tangu hapo maisha yamekugusa wewe au mtu wako.

- Kama unajua sura fulani inakujia, isome mchana, si kabla ya kulala.
- Mwambie mtu wa nyumbani unasoma nini.
- Unaruhusiwa kuiruka sura, au kuacha kabisa. Hakuna mtihani.
- Kama kitabu kimefukua jambo lako na halitulii baada ya siku kadhaa, zungumza na mtu unayemwamini, au mshauri wa afya ya akili kwenye hospitali iliyo karibu.

Baada ya kumaliza

Hatua ya 9: Fungua ile karatasi. Subiri siku moja au mbili, kisha ilinganishe na kitabu. Utakuta mambo ya aina tatu: uliyoyakumbuka sawasawa, uliyoyageuza, na uliyoyatunga kabisa. Yape muda zaidi yale ya pili na ya tatu. Kama ulikumbuka kwamba mama fulani alimsamehe mtoto wake, na kumbe kitabuni hakumsamehe, jiulize ulihitaji asamehe kwa nini. Andika jibu chini ya karatasi hiyo hiyo, pamoja na tarehe ya leo na umri wako.

Kama riwaya yako imetengenezewa filamu, iangalie sasa, si kabla. Vuta N'kuvute ilitengenezwa na Amil Shivji mwaka 2021 na ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka huo huo. Ni kazi nzuri inayosimama peke yake, lakini ukiitanguliza, sura za waigizaji zitachukua nafasi ya nyuso ulizozijenga wewe ulipokuwa kijana, na hizo huzipati tena.

Makosa ya kawaida

Kosa kubwa kuliko yote ni kusoma ili ujisikie kama zamani. Hutajisikia kama zamani. Ile hali ya moyo kwenda mbio kwenye sura ya saba ilitokana na kitabu, na pia na miaka kumi na sita, na njaa ya bweni, na msichana au mvulana aliyekuazima kitabu. Ukiitafuta hiyo utakilaumu kitabu kwa jambo ambalo hakikuahidi.

Kosa la pili ni kuruka kurasa kwa kuwa "hapa napajua". Hapo ndipo hasa kumbukumbu imekuchezea. Soma kila ukurasa.

Wengine huanza kumhukumu mwandishi kwa macho ya leo kuanzia sura ya kwanza. Ni kweli riwaya zetu za zamani zina maneno juu ya wanawake, walemavu au watu wa jamii nyingine ambayo leo yanaumiza. Usijifanye huyaoni. Lakini kabla ya kuamua, tenganisha: je, anayesema hivyo ni mhusika ambaye kitabu chenyewe kinamkosoa, ni msimulizi, au ni mwandishi na zama zake? Kinywani mwa Zakaria neno lina maana moja. Likiwa kwenye sauti ya msimulizi lina maana nyingine. Ukishatenganisha, sema unachokiona bila woga.

Na usisome mwongozo wa mtihani sambamba na riwaya. Utarudi kidato cha nne mara moja.

Kikikuvunja moyo

Hutokea. Unafika sura ya nne unaona mambo yanatabirika, wahusika wema ni wema mno, mafundisho yanakatiza hadithi. Kipe theluthi moja ya kurasa zake kabla ya kuamua, kwa sababu kasi ya riwaya za miaka ya 1970 si kasi tuliyoizoea sasa, na sikio huchukua siku kadhaa kuizoea. Baada ya hapo, kama bado, kifunge. Mapenzi ya ujanani yalikuwa halali hata kama kitabu kilikuwa cha kawaida. Huenda kilikuwa cha kwanza kukuonyesha kwamba Kiswahili chako cha nyumbani kinaweza kubeba kitabu kizima, na hilo peke yake lilistahili kupendwa. Mpe kitabu hicho kijana wa umri uliokuwa nao wewe.

Ukiwa na mwanafunzi nyumbani

Kama mwanao, mdogo wako au mpwa wako anasoma riwaya hiyo hiyo shuleni, someni pamoja, lakini kwa utaratibu huu:

1. Yeye atangulie sura moja, wewe ufuate. Usimwambie kinachokuja.
2. Muulize kwanza anamwonaje mhusika fulani. Msikilize mpaka mwisho.
3. Ndipo useme wewe ulimwonaje ulipokuwa na umri wake, na unamwonaje leo.
4. Mkitofautiana, ombaneni ukurasa: kila mmoja aonyeshe pale alipoona hivyo.
5. Majibu ya mtihani mwachie mwalimu wake.

Kwa Rosa Mistika mazungumzo haya yanaweza kuwafikisha mahali pagumu, pa baba, binti na barua. Yaache yafike. Wazazi wengi hawana njia nyingine rahisi ya kumuuliza binti anaogopa nini nyumbani kwake mwenyewe.

Kitabu cha kufuata

Usirukie riwaya nyingine ya zamani mara moja. Chukua kitabu cha mwandishi yule yule ambacho hukutahiniwa nacho, ukiwa bado una sauti yake masikioni. Kezilahabi na Walibora wote wawili walifariki mwaka 2020, na kila mmoja ameacha rafu inayotosha miezi. Kwa Kezilahabi, anza na Kichwamaji ya mwaka 1974 au Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975. Nagona na Mzingile ziache mpaka uwe na likizo, kwa sababu ni fupi lakini zinahitaji kusomwa polepole na kurudiwa papo hapo. Kwa Walibora, jaribu Kufa Kuzikana. Kwa Shafi ziko Kasri ya Mwinyi Fuad, Kuli na Haini, na mimi ningekwambia uanze na Kuli, ikifuatiwa na Haini. Ukiazima maktaba, uliza zote kwa pamoja siku ya kurudisha kile cha kwanza. Mara nyingi zimewekwa stoo kwa kuwa hakuna aliyeziulizia, na mkutubi atahitaji siku moja au mbili kuzitoa.